Spana Namba Kumi

Gari lilianza kugonga Jumatatu ya Pasaka,
ko, ko, ko, nikiteremka kutoka Kibosho,
kama mgeni asiye na haraka
anayebisha hodi akiwa ndani.

Siku mbili kabla, fundi Elisaria alibadilisha mkanda wa feni,
akafunga boneti, akaipiga kofi la upole,
akasema, "Mama Ndeshi, umemaliza. Endesha mpaka Bukoba."

Sikufika Bukoba. Nilirudi Pasua,
nikamkuta chini ya Haisi, miguu nje.
Alisikiliza bila kutoka. "Bushi," akasema.
Bushi arobaini na tano, ufundi kumi na tano.
Ko, ko, ko.
"Basi ni boljointi."
Boljointi sitini, mtumba wa Japani, ufundi kumi na tano tena.
"Orijino, mama. Nusa mwenyewe."
Nami nikanusa. Nikanusa chuma, mimi
mkaguzi wa vitabu vya chama cha akiba na mikopo,
ambaye keshia akipotewa na mia mbili, halali.
Ko, ko, ko.
"Shokapu zimechoka."
Zote mbili?
"Hazizeekagi moja moja."

Pesa ya shokapu ilikuwa na jina tayari.
Ilikaa kwenye bahasha kabatini,
nimeiandika kwa wino mwekundu: BATI.

Maana doa la siling bodi juu ya kitanda cha Ndeshi
lilianza kama kisahani, likawa sinia.
Fundi Mbonea alipanda kuziba tundu moja,
viatu vyake vikafungua mawili.
Msumari ukikosa mbao hung'olewa,
lakini tundu lake linabaki, wala halina mwenyewe.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nimeziba ufa. Ukuta nimejenga pia.
Waliosema hawakutunza risiti.

Basi nikaichana bahasha, nikalipa shokapu.
Mia na thelathini, ufundi ishirini.
Usiku ule mvua ilishuka kutoka mlimani kama imetumwa.
Tuliweka ndoo ya rangi, beseni, sufuria ya makande,
na kila chombo kikajibu kwa sauti yake,
tin kule, dub huku,
na asubuhi, njiani kwenda kazini,
gari likadakia: ko.

Mwezi wa sita, baridi imekaza, mvua imekwisha,
namwagia rejeta maji, Ndeshi ananishikia kidumu.
Mkono wake mdogo ukapenya chini, nyuma ya betri,
pale mkono wa fundi haupiti, au haujali,
ukatoka na spana.
Namba kumi. Shingoni imefungwa uzi mwekundu.
"Mama, hiki nacho ni cha gari?"

Nikaendesha hadi Kiboriloni na kurudi.
Kimya.
Kimya cha laki mbili na themanini na tano elfu.

Maneno niliyatayarisha njia nzima hadi Pasua.
Nilikuwa na makali, nilikuwa na jumla ndogo na jumla kuu.
Elisaria akaiona spana mkononi mwangu kabla sijafungua mdomo,
akaruka kama aliyeletewa mtoto:
"Loo! Hii nimeitafuta tangu Pasaka!
Nilimfukuza Rumisha kwa ajili yake.
Nilijua ameiuza."

Rumisha. Yule kijana wa ovaroli kubwa,
aliyekuwa akinipangusia kiti kwa mkono wa shati lake
kila nikija kusubiri.

Yuko wapi sasa?
Fundi alijifuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole,
muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.
"Sijui. Walisema Himo. Sijui."

Spana sikumpa. Wala hakuiomba.

Usiku nikafungua daftari la nyumba, nikapiga mstari.
Bushi. Boljointi. Shokapu mbili.
Bati, bado.
Chini yake nikaandika Rumisha,
kalamu ikahamia safu ya kiasi,
ikasimama hapo,
wino ukaanza kufanya doa.